Jina Moja Halitoshi Mtandaoni

Mwalimu anayeuza vitenge mtandaoni jioni hana sababu ya wateja wake kuona maswali anayouliza usiku kuhusu ugonjwa wake. Akifungua akaunti mbili anajisitiri tu, hamdanganyi mtu. Wapo wanaoshikilia kwamba jina moja la kweli litawanyamazisha watukanaji, na hofu yao ina msingi, kwani matusi yanaumiza. Lakini Korea Kusini ilijaribu: kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kisheria kuthibitisha utambulisho wa kila anayetoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka tovuti za nchi hiyo, Cyworld na Nate. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, ikisema hakuna ushahidi kwamba matusi yalipungua kwa kiasi cha maana.