Utangulizi: Mpira wa Shule Kabla ya Yanga na Simba

Mwulize shabiki yeyote wa Temeke mpira wa nchi hii ulianza lini. Atakutajia 1935, mwaka wa Yanga, au 1936, mwaka wa watani wao wa Msimbazi. Kijiweni jibu hilo linatosha. Katika historia ya michezo halitoshi, kwa kuwa klabu zilikuta mpira umeshachezwa shuleni kwa miongo kadhaa, na ni huko shuleni ninakomkaribisha msomaji aliye mgeni katika taaluma hii.

Tuanze Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Shule ya wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliyokuja kuitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, ilipokea kwanza watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kabla karne ya 19 haijaisha, wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani yetu kucheza kandanda. Walipohitimu walitumwa kufundisha Magila, Masasi na Nyasa, na mpira ukasafiri nao. Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, upande wa vilima vya Pugu, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Bara, wakati huo, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Wao shuleni walipenda zaidi gwaride na mazoezi ya viungo, na ni chini ya Waingereza mpira ulipotawala viwanja vya shule.

Mwanahistoria Hamad Ndee amefuatilia njia hiyo kutoka gwaride hadi mpira. Mwenzake Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Unguja, anaonyesha jinsi vijana wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, walivyouchukua mchezo uliokusudiwa kuwafunza utii wakaufanya wao. Soma wote wawili, ila anza na Fair, maana kwake wachezaji wanasikika kuliko walimu.

Ugumu upo kwenye vyanzo. Anayetafiti msimu mmoja wa chuo kidogo cha Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 hukuta kitabu cha mwaka, picha ya timu na matokeo ya kila mechi. Hata vurugu za mchezo wao, futiboli ya Kimarekani, ziliandikwa kwa wingi: mwaka 1905 Rais Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton kwa sababu ya majeruhi na vifo, na 1906 sheria zikabadilishwa. Sisi tuna jarida la UMCA, Central Africa, lililoanza 1883 na kuandikiwa wafadhili wa Uingereza. Vijana waliomo humo ni watiifu mno. Anayeomba mchango hasimulii ngumi zilizopigwa baada ya penalti! Lisome kwa jicho la shaka, kisha uweke kando yake Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la serikali lililoanza 1923, ambamo Waafrika wenyewe waliandika barua na habari za kwao.

Karatasi zikikwama, kuna watu. Temeke na Kinondoni zilipanuka kama makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, na waliosoma Minaki na shule ya Pugu walikuwa wakiingia mjini kuwa makarani na walimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha Pugu hadi 1955. Benjamin Mkapa alisoma hapo, na leo uwanja mkubwa kuliko yote nchini, uliopo Temeke, unaitwa kwa jina lake. Lakini usiishie kwa wakubwa. Kwenye uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, na ule wa Biafra, Kinondoni, kuna wazee wanaokumbuka nani alicheza namba ngapi, na nani alikuwa akicheza peku.

Basi chagua shule moja na msimu mmoja tu. Soma Mambo Leo la mwaka huo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu nenda Tandika ukae na wazee, uandike majina yote watakayokutajia, hata ya wachezaji wa akiba. Fanya hivyo mapema, wazee hao hawatusubiri.