Kinyoya na Hewa: Somo la Fizikia kwa Anayejiunga na Klabu ya Badminton

Kijana anayeingia chuo kikuu hukuta huko vyama na klabu za kila namna. Miongoni mwake huenda ikawamo klabu ya badminton, mchezo ambao kwa Kiswahili huitwa pia mpira wa vinyoya. Klabu ninayoizungumzia hapa si timu teule ya chuo inayokwenda kushindana na vyuo vingine. Ni klabu ya burudani, ambayo mwanafunzi ye yote, awe amewahi kushika raketi au la, hulipa ada ndogo akaandikwa jina lake. Hata hivyo, nimeona wageni wengi wakifika jioni mbili au tatu tu, kisha wasirudi tena. Ukiwauliza sababu, hujibu kwamba hawana nguvu za kutosha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa hutolewa kwa moyo mweupe, halipatani na fizikia.

Mimi mwenyewe nusura niwe mmoja wao. Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya udaktari, nilijiunga na klabu ya namna hiyo. Jioni ya kwanza nilipangwa kucheza na mama mmoja mfupi, mfanyakazi wa maktaba, aliyenizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nimecheza mpira wa wavu tangu sekondari, na sikuwa na shaka kwamba mkono wangu ulikuwa na nguvu kuliko wake. Nilifungwa 21 kwa 6. Nilipiga kwa nguvu zaidi na zaidi, lakini kinyoya hakikwenda mbali zaidi kwa kadiri niliyotazamia, na kila kilipofika mama yule alikuwa amekwisha kufika. Nilirudi bwenini nimeazimia kutokwenda tena. Kilichonirudisha ni swali moja: nguvu zangu zilikuwa zikipotelea wapi?

Kinyoya ni kitu gani?

Kinachopigwa katika mchezo huu si mpira. Ni kizibo cha duara chenye upana wa milimita 25 hadi 28, kilichopandikwa manyoya 16 ya bata au ya bata bukini, yakazunguka na kulaliana kama vigae vya paa. Kwa mujibu wa sheria za mchezo, uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Klabu nyingi za burudani hutumia vinyoya vya nailoni, kwa kuwa vya manyoya halisi huvunjika upesi na ni ghali.

Uzito mwingi umo katika kizibo, na eneo kubwa linalokinzana na hewa limo katika manyoya. Kwa hiyo kinyoya hutenda kama mshale: sehemu nzito hutangulia na manyoya hufuata nyuma. Kikipigwa, kizibo kinakuwa kinaitazama raketi. Lakini katika sehemu chache za mia za sekunde kinyoya hujigeuza chenyewe, na safari nzima husafiri kizibo kikiwa mbele.

Nguvu hupotelea wapi?

Jiwe likirushwa hukinzwa na hewa kidogo sana, hata katika hesabu za darasani tumezoea kulipuuza jambo hilo. Kwa kinyoya hatuwezi. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Kinyoya kikiangushwa kutoka juu, kasi yake huongezeka mpaka ukinzani unapolingana na uzito wake, na hapo haiongezeki tena. Kasi hiyo ya kikomo ni karibu mita 6.7 kwa sekunde. Basi kinyoya kilichopigwa kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde hukinzwa na nguvu iliyo karibu mara 36 ya uzito wake chenyewe!

Sasa tujiulize: katika kila mita moja ya safari, kinyoya hupoteza kasi kiasi gani? Ukinzani unafuata mraba wa kasi. Lakini chombo chenye kasi kubwa hutumia muda mfupi kuipita mita hiyo, na muda huo hupungua kadiri kasi inavyozidi. Tukizidisha mambo hayo mawili, tunapata kwamba kasi inayopotea katika kila mita ni sehemu ileile ya kasi iliyopo. Wanafunzi wa kidato cha sita watalitambua umbo la kanuni hii, kwani ndivyo inavyopungua mionzi ya vitu kama radiamu; ila hapa tunapima umbali badala ya muda. Kwa kinyoya cha kawaida, kasi hupungua kwa nusu kila kinapokwenda karibu mita 3.2.

Tuchukue mfano. Mchezaji wa kwanza anapiga kinyoya kwa kukilaza, kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde. Kikifika mita 3.2, kasi imebaki mita 20. Kikifika mita 6.4, imebaki 10. Kikifika mita 9.6, imebaki 5. Mchezaji wa pili ana nguvu zaidi, akakipiga kwa kasi ya mita 80. Ili kukipa kasi hiyo, hana budi kukipa nishati mara nne ya ile aliyotoa mwenzake. Je, amenunua nini? Amenunua mita 3.2 tu. Kinyoya chake kikifika hapo, kasi yake ni ileile aliyoanza nayo mwenzake. Laiti hewa isingekuwapo, kuongeza kasi mara mbili kungekipeleka kitu kilichorushwa mbali mara nne. Hewa imegeuza kuzidisha kukawa kujumlisha.

Kanuni hiyo haimwachi hata bingwa. Mwaka 2023 mchezaji wa India, Satwiksairaj Rankireddy, aliweka rekodi ya dunia kwa kupiga kinyoya kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa, yaani karibu mita 157 kwa sekunde. Kwa hesabu yetu, baada ya mita 9.6 kinyoya cha kasi hiyo kinabaki na karibu kilomita 70 kwa saa.

Ni haki kukiri kwamba nguvu si bure kabisa. Kinyoya kilichopigwa kwa kasi mara mbili hufika kwa nusu ya muda, na mpinzani hupata nafasi ndogo ya kujiweka tayari. Lakini mgeni anayeongeza nguvu ili kinyoya kiende mbali anapigana na hewa, na hewa haichoki.

Jaribio la kufanyia shuleni

Mwalimu aweza kuonyesha kasi ya kikomo bila vyombo vya ghali. Panahitajika kinyoya kimoja, kijiwe, kamba ya kupimia, saa yenye kuonyesha sehemu za sekunde (simu ya mkononi yatosha), na jengo la ghorofa. Hakikisheni kwanza kwamba hakuna mtu anayepita chini, na kwamba upepo umetulia. Angusheni kila kimoja kutoka kimo cha mita 6, kisha mita 9, mkipima muda. Kwa kuwa mkono wa mtu huchelewa, rudieni mara kumi na kutafuta wastani.

Hesabu inatabiri kwamba kijiwe kitatumia sekunde 1.11 kutoka mita 6, na 1.36 kutoka mita 9. Kinyoya kitatumia karibu sekunde 1.36 na 1.82. Wanafunzi watoe muda mdogo kutoka muda mkubwa. Mita 3 za ziada zimemgharimu kinyoya sekunde 0.46, yaani mita 6.5 kwa sekunde, karibu sana na kasi ya kikomo. Kijiwe kimezipita mita zilezile kwa sekunde 0.25, na kingali kinaongeza kasi.

Mwinuko na upepo

Ikiwa hewa ndiyo mwamuzi, basi hewa nyepesi itatoa hukumu nyingine. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ilhali Dar es Salaam iko pwani. Hata baada ya kuhesabu ubaridi wa Mbeya na joto la Dar es Salaam, hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa karibu 15 kwa mia. Huko kinyoya huhitaji karibu nusu mita zaidi ili kasi yake ipungue kwa nusu, na mipigo iliyokuwa ikianguka ndani ya mstari huanguka nje. Ndiyo maana viwanda hutengeneza vinyoya vya madaraja mbalimbali ya kasi. Vingi huandikwa namba kutoka 75, ambavyo ni vya polepole, hadi 79, ambavyo ni vya haraka. Penye mwinuko au joto huchaguliwa vya polepole. Sheria inatoa kipimo chake: mchezaji husimama kwenye mstari wa nyuma, akakipiga kinyoya kwa nguvu zake zote kutoka chini kwenda juu, kinyoya kifaacho huanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Kitu chenye gramu 5 hakiwezi kustahimili upepo. Kwa sababu hiyo mchezo huu huchezwa ndani ya ukumbi, na mara nyingi milango hufungwa na feni kuzimwa. Mgeni asidhani kwamba wenyeji wanapenda joto.

Mgeni afanye nini?

Kwanza, asiogope utaratibu. Katika klabu niliyojiunga nayo palikuwa na ubao wenye majina ya waliohudhuria. Wanne waliotangulia ndio walioingia uwanjani, wakicheza wawili kwa wawili, na mchezo ukiisha waliwapisha waliofuata. Hivyo mgeni na mwenyeji walikutana bila mtu kumwomba mwingine. Yafaa klabu zetu ziwe na utaratibu kama huo.

Pili, akumbuke vipimo vya uwanja. Urefu wake ni mita 13.4, yaani kila upande una mita 6.7. Kinyoya kilichopigwa juu sana na kufika karibu na mstari wa nyuma hushuka kwa kasi isiyozidi ile ya kikomo. Kikianguka kutoka mita 6, humpa aliyekipiga zaidi ya sekunde moja, mbali na muda wa kupanda, na muda huo hutosha kurudi katikati ya uwanja. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya yule mama wa maktaba. Hakuwa akikimbia, alikuwa akijinunulia muda.

Tatu, asiikamate raketi kama anayeshika jembe. Vidole vilegee, kisha vikaze wakati wa kugusa kinyoya tu. Na kasi ya raketi itokane hasa na kuzungusha kigasha, si na kusukuma kwa bega pekee. Usahihi wa kukigonga kizibo katikati ya raketi huleta faida kuliko misuli.

Nilirudi katika klabu ile wiki iliyofuata, na wiki nyingine baada ya hiyo. Sikumfunga mama yule mpaka mwaka wa pili, na siku hiyo nilitumia nguvu kidogo kuliko nilizotumia jioni ya kwanza.

Walimu wenzangu, tunapomwambia mwanafunzi kwamba mchezo fulani haumfai kwa kuwa hana nguvu, tunatoa hukumu ya kisayansi bila kupima. Tumpe kinyoya, tumpe saa, kisha tumwache ajionee mwenyewe kwamba mbele ya hewa mwenye nguvu mara mbili amemtangulia kwa hatua chache tu.