Kompyuta Nayo ni Shahidi wa Kuhojiwa

Zama zetu zimeleta shahidi mpya asiyekula kiapo: kompyuta. Akisema, wengi hunyamaza. Hebu tutazame yaliyowapata mawakala wa Posta nchini Uingereza.

Kuanzia mwaka 1999, Posta ya nchi hiyo iliweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Haukupita muda, matawi mengi yakaonyesha upungufu wa fedha. Kufikia mwaka 2015, Posta ilikuwa imewashtaki mawakala zaidi ya 700 kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wako waliofilisika na waliofungwa. Mwaka 2010 mama mmoja alipelekwa jela hali ya kuwa ni mjamzito.

Upungufu ule ulikuwa na maelezo mawili: ama wakala ameiba, ama mfumo umekosea. Washtaki walishika moja tu, kwamba wizi huleta upungufu. Ni kweli, lakini kosa la programu nalo huleta upungufu ule ule. Ushahidi unaoafikiana sawasawa na maelezo yote mawili haumtii mtu hatiani.

Mwenye insafu hutafuta dalili zinazotenganisha. Je, fedha hizo zimeonekana popote? Je, mwizi hupiga simu mwenyewe kueleza upungufu na kuomba msaada, kama walivyofanya wengi wao? Na lipi lililo karibu zaidi na akili: mamia ya watu walioaminiwa na majirani zao kugeuka wezi baada ya mfumo mmoja kuwekwa, au mfumo huo kuwa na ila?

Swali hili la mwisho lilifichika, kwani wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye tatizo. Sheria nayo iliichukulia kompyuta kuwa ni sahihi mpaka ithibitishwe vingine.

Desemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ulikuwa na kasoro zenye kuharibu hesabu. Aprili 2021, Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za mawakala 39, na mwaka 2024 sheria ya Bunge ikafuta za mamia wengine. Baadhi yao walikwisha kufariki.

Basi tukiletewa picha ya ujumbe wa simu dhidi ya mke, mume au mtoto, tusiridhike kuwa yaafikiana na shutuma. Tuulize kwanza: ni lipi jingine lingeweza kuuleta ujumbe huu, na ni dalili gani ya kuyatenganisha?