Tindikali Inayoitwa Maji (Sehemu ya Tatu)

Nilikuwa nimeahidi kueleza namna betri ya gari inavyochajiwa. Lakini hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya Desemba 2024, iliyowarudishia wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu, imenigeuza njia.

Gereji zetu hukiita kilichomo ndani “maji ya betri”. Jina hilo limeniudhi miaka mingi. Theluthi moja hivi ya uzito wake ni tindikali ya salfa! Kijana mmoja alijifutia mikono surualini huku nikimkanya. “Mzee, haya si maji tu?” Suruali ilipofuliwa ikatoka na matundu kama chekeche.

Tindikali hii ilikuwa ghali enzi ilipotengenezwa ndani ya vyombo vya kioo. Mwaka 1746 John Roebuck, huko Birmingham, akajenga vyumba vya risasi, kwa sababu risasi haitafunwi nayo upesi, bei ikaporomoka. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akaikutanisha tena na risasi, safari hii ndani ya betri. Adui yake nasi tunaye jikoni: magadi, yaleyale ya kulainishia maharage. Kule Ziwa Magadi, Kajiado, yameganda kama sakafu, na tangu mwanzoni mwa karne iliyopita reli ya kutoka Konza huyafuata. Neema yote hiyo, nasi tunamwagia tindikali mchanga na kwenda zetu!

Nafasi inaniishia. Ikimwagika, vaa glavu za mpira na miwani, wafukuze watoto. Nyunyiza magadi kuanzia pembeni kuelekea katikati. Yatachemka na kutoa povu. Ongeza mpaka povu likome. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi. Ikiingia jichoni, magadi yakae mbali: ni maji safi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Tope linalobaki lizoe kwa kipande cha plastiki, ulitie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Magadi yameua ukali, hayakuiondoa risasi. Ndoo hiyo ifuatane na betri kuukuu hadi kwa mwenye kibali cha kupokea taka za namna hiyo, wala isipitie mtaroni.