Nani Mwenye Mchezo? Asili ya Michezo ya Kuigiza Mezani na Suala la Leseni Huria

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba igizo ni mojawapo ya mbinu bora za kufundishia. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba igizo lina ndugu yake wa mezani, yaani mchezo ambao wahusika wake hawana jukwaa wala maneno ya kukariri. Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza, itaeleza asili ya mchezo huo. Pili, itaonyesha jinsi swali la nani mwenye haki juu ya kanuni zake lilivyozusha mgogoro mkubwa mwaka 2023. Swali hilo linamhusu kila mwalimu, kwa sababu kila mwalimu hunakili, hurekebisha na hugawa zana zilizobuniwa na watu wengine.

Mchezo Wenyewe

Watu wachache huketi kuzunguka meza. Mmoja wao huwa mwamuzi, na kazi yake ni kusimulia mahali walipo wahusika na mambo yanayowapata. Kila mmoja wa waliobaki huchukua nafasi ya mhusika mmoja, ambaye nguvu na udhaifu wake huandikwa kwa tarakimu katika karatasi. Mwamuzi akisema kwamba wamefika mtoni na daraja limevunjika, wachezaji hushauriana na kuamua watakalofanya. Jambo likiwa la mashaka, dadu hurushwa, na tarakimu itokeayo hulinganishwa na kanuni. Kwa kawaida hapana mshindi. Wote hushirikiana kuijenga hadithi moja.

Asili Yake

Mizizi ya mchezo huu imo katika mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1824, Georg Heinrich von Reiswitz, ofisa wa jeshi la Prussia, alichapisha mchezo wa vita wa kuwafunzia maofisa, akiendeleza kazi ya baba yake. Mchezo huo ulikuwa na ramani, dadu na mwamuzi. Baadaye michezo ya namna hiyo iliingia majumbani, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa sanamu.

Badiliko kubwa lilitokea Marekani. Katika jimbo la Minnesota, Dave Wesely na baada yake Dave Arneson walianza kumpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwongoza badala ya jeshi zima. Arneson alishirikiana na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mwaka 1974 kampuni ya TSR ikatoa mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 katika toleo la kwanza. Ugomvi wa umiliki haukuchelewa. Mwaka 1979 Arneson alifungua mashtaka akidai mrabaha wake, na shauri hilo likamalizwa kwa mapatano mwaka 1981.

Kanuni na Maneno

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Hakimiliki hulinda maneno na michoro ya mwandishi. Hailindi wazo au utaratibu unaoelezwa. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba mwenye hakimiliki ya kitabu cha utunzaji wa hesabu hawezi kuwazuia wengine kutumia njia ya hesabu iliyofafanuliwa humo. Kwa mfano wa karibu, hakuna anayeweza kudai kwamba namna ya kusambaza kete za bao ni mali yake. Lakini akiandika kitabu cha kueleza bao, maneno ya kitabu hicho ni yake.

Katika bao mpaka huo ni rahisi kuuona. Katika mchezo wa mezani kanuni zimechanganyika na hadithi, majina na viumbe vya kubuni, na mchapishaji mdogo hawezi kujua kwa hakika ni wapi asivuke.

Leseni ya Mwaka 2000

Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000, kwa msukumo wa Ryan Dancey aliyekuwa akiongoza shughuli za mchezo huo, kampuni ilitoa Leseni Huria ya Michezo. Leseni hiyo ilimruhusu mtu yeyote kunakili, kubadili na kuuza sehemu za kanuni zilizotajwa kuwa huria, bila malipo, mradi aambatishe nakala ya leseni na kuwataja waliomtangulia. Majina na wahusika mahususi wa kampuni walibaki kuwa mali yake. Hesabu ya Dancey ilikuwa wazi: wengi wakitunga visa vya kuchezea, kitabu kikuu cha kanuni kitauzwa zaidi.

Wachapishaji wengi waliitegemea ruhusa hiyo. Toleo la mwaka 2008 lilipokuja na leseni yenye masharti makali zaidi, kampuni ya Paizo ilizitumia kanuni za zamani zilizokuwa huria, na mwaka 2009 ikatoa mchezo wake uitwao Pathfinder.

Mgogoro wa 2023

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilikusudia kuiondolea leseni ya zamani idhini yake, na kuwatoza wenye mapato makubwa asilimia 20 hadi 25 ya kiasi kilichozidi dola 750,000 kwa mwaka. Wachapishaji waliojenga riziki yao kwa zaidi ya miaka ishirini walijiona hatarini. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Lakini deni hili lilikuwa na ufa katika maandishi yake. Leseni ya zamani ilitamka kwamba ruhusa ni ya kudumu; haikutamka kwamba ruhusa haiwezi kutenguliwa.

Malalamiko yalikuwa makubwa mno. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ilitangaza kuiacha leseni ya zamani kama ilivyo. Aidha, iliziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons ambayo sharti lake kuu ni kumtaja mwandishi, na ambayo maandishi yake yanasema wazi kwamba haitenguliwi.

Funzo kwa Mwalimu

Leseni za Creative Commons ndizo zilizotumika pia katika mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, ambao una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Basi kabla ya kutumia zana yoyote inayosemwa kuwa ni ya bure, mwalimu ajiulize: Je, naruhusiwa kunakili? Je, naruhusiwa kubadili au kutafsiri? Nimtaje nani? Je, ruhusa hii yaweza kuondolewa? Neno "bure" peke yake halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Mchezo wenyewe waweza kutumika darasani bila gharama. Gawa wanafunzi katika vikundi vya watano. Vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 6 na kutiwa ndani ya kopo vyatosha kuwa dadu. Chagua kisa wanachokifahamu, kama vile safari ya kupeleka mazao sokoni wakati wa mvua. Wanafunzi watajizoeza kuzungumza kwa hoja, kujumlisha na kukadiria. Andika kanuni kwa maneno yako mwenyewe, na chini ya karatasi uandike jina lako na ruhusa unayowapa walimu wenzako.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kanuni ya mchezo na maneno yanayoieleza. Toa mfano wa mchezo wa watoto wa mahali unapoishi.

2. Kwa nini neno "kudumu" halikutosha kuwalinda wachapishaji mwaka 2023?

3. Chukua zana moja uliyoitumia katika mazoezi ya kufundisha. Ni nani aliyeitunga, naye alikupa ruhusa gani?