Joto Linaloshuka Kutoka Juu

Wapo wasomi wazima wanaoamini kwamba kiangazi cha kaskazini huwa na joto kwa sababu dunia imelisogelea jua. Ni kinyume kabisa. Kila mwaka, mapema Julai, dunia huwa mbali na jua kuliko wakati mwingine wowote, kilomita milioni 152 hivi. Kinacholeta kiangazi ni mwinamo wa dunia: jua la kaskazini hupanda juu zaidi na mchana hurefuka.

Imani ya pili ni sugu zaidi: kwamba wimbi la joto ni upepo wa jangwani uliosafiri kutoka mbali. Lakini hakuna mahali panapoiumbua imani hiyo kama Lytton.

Lytton ni kijiji cha jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, kwenye makutano ya mito Fraser na Thompson, chini ya milima inayozidi mita 2,000. Rekodi ya joto ya Kanada nzima ilikuwa nyuzi 45 za Selsiasi tangu mwaka 1937. Tarehe 27 Juni 2021 Lytton ikaivunja kwa nyuzi 46.6. Kesho yake ikaivunja tena. Tarehe 29 kipimajoto kikasoma 49.6, kiwango ambacho Dar es Salaam haikikaribii hata Februari ikiwa kali namna gani. Siku iliyofuata moto uliteketeza karibu kijiji chote na kuua watu wawili.

Sehemu kubwa ya joto lile ilitoka juu. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikuwa umetua juu ya eneo hilo kwa siku kadhaa, ukiisukuma hewa ishuke. Hewa inayoshuka hubanwa na uzito wa ile iliyo juu yake, na ikibanwa hupata joto bila kupashwa na chochote; anayejaza upepo tairi la baiskeli hulihisi joto hilo kwenye pampu. Kiwango chake kinajulikana: takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Hewa ya nyuzi 18 iliyo kwenye mita 3,000, ikishushwa yote hadi bondeni kwenye mita 200, hufika ikiwa na nyuzi zipatazo 46. Njiani hufuta mawingu, na jua likapata uwanja mtupu. Udongo nao ukishakauka, nguvu ya jua haina maji ya kugeuza mvuke. Yote huishia kuipasha hewa ambayo kuta za milima zimeizuia isipepee.

Kosa linaloua ni kudhani hatari iko juani tu. Jimboni humo watu 619 walikufa kwa joto la wiki ile. Asilimia 98 walipatwa ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu waliishi peke yao. Kuta zilizopata moto mchana ziliendelea kuutoa usiku, na mwili uliochoka haukupata saa za kupoa. Feni haipoozi hewa, huisogeza tu, na chumba kikizidi nyuzi 40 huweza kumwongezea mtu joto. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kugawa viyoyozi 8,000 bure kwa watu wa kipato kidogo walio hatarini zaidi.