Uniti 75 na bei ya umeme Urambo

Umeme wa buku, yaani wa shilingi 1,000, hauna ujazo mmoja kwa kila nyumba. Katika mtaa uleule wa Urambo mjini, magharibi mwa Tanzania, nyumba moja ikinunua kwa simu hupata takriban uniti 8.2. Jirani yake, anayevuta umeme kutoka nguzo hiyohiyo, hupata uniti 2.8. Mita zote mbili ni za LUKU, yaani za kulipia kabla ya kutumia, na zote zinafanya kazi sawasawa. Kinachozitenganisha ni daraja la mteja: ya kwanza imesajiliwa D1, ya pili T1.

D1 ni daraja la watumiaji wadogo wa majumbani, ambao matumizi yao hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Bei yao ni shilingi 100 kwa uniti. T1 ni la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia zaidi, maduka, saluni, mafundi wa kuchomelea, mashine za kusaga. Hao hulipa shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji. Jumla ni asilimia 22, ndiyo maana uniti ya shilingi 100 humfikia mlaji kwa shilingi 122, na ile ya 292 kwa shilingi 356 na senti kadhaa.

Piga hesabu ya mwezi mzima. Uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni shilingi 26,718. Kwa mkulima wa tumbaku anayesubiri malipo ya msimu, tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 17,000 kila mwezi si ndogo hata kidogo.

Watanzania wamepinga kupanda kwa bei ya umeme mara nyingi, na si bila sababu. Ukame uliokausha mabwawa kama Mtera na Kidatu ulilisukuma Shirika la Umeme, TANESCO, kununua umeme wa dharura unaozalishwa kwa mafuta, na gharama zake zikaishia kwa mlaji. Shirika liliomba kupandisha bei kwa asilimia 155, na mwanzoni mwa 2012 EWURA ikakubali 40.29. Likaomba tena asilimia 67.87, na mwanzoni mwa 2014 likapewa 39.19. Hapo ndipo uniti ya mtumiaji mdogo ilipotoka shilingi 60 hadi 100, na ya T1 kutoka 221 hadi 306. Punguzo la 2015 na la Aprili 2016 ndilo lililoishusha bei ya T1 hadi 292 na kufuta tozo ya huduma ya shilingi 5,520 iliyokuwa ikikatwa kila mwezi.

Mvutano unaokumbukwa zaidi ulitokea mwishoni mwa 2016. TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, na EWURA ikaidhinisha 8.5 ianze Januari 1, 2017. Kabla mwaka haujaisha, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha. Siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini suala liliamuliwa kwa kauli ya viongozi, na swali la nani anapaswa kulipa nini likabaki halijajibiwa.

Tangu hapo wengi wanaamini bei ya umeme haijapanda. Kwenye karatasi ni kweli. Mfukoni, mamia ya shilingi huongezeka kwa uniti pale mteja anapovuka uniti 75. Kwa bei ya D1, uniti ya 76 inagharimu shilingi 350 kabla ya kodi, sawa na 427 pamoja na kodi. Akiendelea kuvuka miezi kadhaa, huhamishiwa T1, na kuanzia hapo kila uniti, hata ile ya kwanza ya mwezi, anainunua kwa 356. Kwake hii ni nyongeza ya karibu mara tatu, na imekuja bila tangazo gazetini wala mkutano wa hadhara.

Anayeumia zaidi ni mpangaji. Tuchukue nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, aina ya nyumba iliyojaa katika miji midogo yote nchini. Kila chumba kina taa, televisheni na chaji ya simu. Kimoja kina friji. Hakuna familia hapo inayokaribia uniti 75, ila mita inawahesabu wote kama mteja mmoja. Wanavuka mpaka kwa pamoja, na wanalipa bei ya mwenye duka. Tena LUKU ndiyo inayokata kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, ilhali mwenye jengo ni mtu mwingine. Ugomvi wa nani anunue umeme wa tarehe mosi unaanzia hapo.

  

Upande wa TANESCO nao una hoja nzito. Bei ni moja nchi nzima, mteja awe Kinondoni au Urambo, na kupeleka umeme magharibi ni ghali. Mkoa jirani wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na wateja wake hawakutozwa gharama halisi ya dizeli hiyo. Mtu akipewa uniti kwa shilingi 100, kuna mwingine anayemfidia, na kwa sehemu kubwa ni huyo wa T1. Kwa hiyo kudai kila mtu arudishwe D1 hakutoshi. Bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme kwa kiasi kikubwa tangu mtambo wa kwanza uwashwe 2024, na huu ndio wakati wa kuuliza mpaka wa unafuu uwekwe wapi.

Kenya imeonyesha kwamba mpaka huo unaweza pia kushushwa. Aprili 2023 mdhibiti wa huko, EPRA, aliuteremsha ukomo wa watumiaji wadogo kutoka uniti 100 hadi 30, na familia nyingi zikajikuta nje ya unafuu kwa siku moja. Pendekezo kama hilo likija Tanzania, litaandikwa katika jedwali la madaraja, si katika kichwa cha habari.

Sheria inaitaka EWURA isikilize wadau kabla ya kubadili bei. Huitisha mkutano wa taftishi, hupokea maoni ya maandishi, na Baraza la Watumiaji, EWURA CCC, huwasemea walaji. Maoni yanayosaidia ni yale yenye hesabu: risiti za miezi sita, idadi ya kaya zinazotumia mita moja, kiasi kilichokatwa kwa kodi ya jengo.

Basi kila anayenunua LUKU Urambo asiufute ujumbe wa tokeni. Agawanye fedha alizolipa, baada ya kutoa kodi ya jengo, kwa uniti alizopata. Likija jibu la 122, yuko D1. Likija 356, yuko T1. Aliye T1 na hafikii uniti 75 kwa mwezi aende ofisi ya TANESCO ya wilaya na risiti zake, aombe daraja lake lipitiwe upya. EWURA nayo, itakapoitisha taftishi nyingine, ilete mkutano katika wilaya kama hii na iweke mezani swali la nyumba za kupanga: uniti 75 zihesabiwe kwa mita, au kwa kaya?